Kabla hujahamishia kazi yako kwenye kontena

Wengi wakisikia kontena (kisanduku cha Docker kinachoendesha programu kando na mashine yako) wanakimbilia Dockerfile, faili ya maagizo ya kulijenga. Wewe anza na faili zako za mipangilio zenye nukta mbele: .bashrc, .gitconfig, .vimrc. Zisome moja moja, maana humo mna vitu ulivyobandika miaka ile ukavisahau. .bashrc yangu ilikuwa na tokeni (nywila ya programu) iliyoandikwa waziwazi, mistari miwili tu chini ya kifupisho cha kuingilia seva. Nusura niipandishe kwenye hazina ya Git.

Siri isikae hata kwa dakika moja kwenye imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho. Ukinakili ufunguo wa SSH (wa kuingilia seva) kwa amri ya COPY, kisha mstari unaofuata ukaufuta kwa rm, bado umo: kila amri ya namna hiyo hujenga tabaka lake, na tabaka la juu hulificha la chini tu, halilifuti. Mwenye imeji atafanya docker save (amri ya kuitoa imeji iwe faili ya tar), aifungue tar hiyo, auokote. Ufunguo ubaki kwenye mashine yako, kontena liuazime kupitia ssh-agent, programu inayoutumia kwa niaba yake bila kuutoa.

Kisha weka mpaka. Imeji ni ya mradi: toleo la Python, maktaba, basi. Rangi za terminali na vifupisho ni vyako. Mwenzako ana vyake. Vyako viweke kwenye hazina ya peke yake pamoja na install.sh, hati ya kuvisakinisha, ambayo Dev Containers (kiendelezi cha kihariri cha VS Code) inaweza kuivuta na kuiendesha yenyewe kontena linapoundwa. Isiulize swali lolote, kwani hakuna wa kubonyeza y, na ikiendeshwa mara mbili isivuruge kitu. Ijaribu ndani ya imeji ya debian:12 tupu. Humo hakuna git, curl wala vim. Ndipo utajua umezoea kubebwa kiasi gani.

Kwenye Linux, linganisha namba ya mtumiaji wa ndani ya kontena na yako (id -u, mara nyingi 1000), la sivyo faili zitazaliwa na umiliki wa root, mtumiaji mkuu, na utaomba sudo kufuta folda yako mwenyewe.

Halafu bando. Jenga imeji penye waifai, uibebe kwa flashi, kule unakokwenda ufanye docker load kuipakia. Ila Mac za M1 na za baadaye hujenga imeji za arm64, aina ya prosesa yao. Kama unakokwenda ni PC ya kawaida, taja --platform linux/amd64 mapema. Na flashi yenyewe ikiwa ni FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Ifomati iwe exFAT, ukishahamisha picha za harusi zilizomo.