Mambo ya kuamua kabla gari halijagonga ukuta

Mtu anayeingia mbio za magari kwa mapenzi tu, bila mshahara wala kikosi cha mafundi, ana tabia moja: miezi mitatu anatafuta nguvu za injini, usiku wa mwisho ndipo anakumbuka mikanda. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi naandaa gari kwa kuanzia upande wa pili. Nawaza kwanza litakavyogonga, halafu saa zile zinazofuata, gari limepinda, mbio za pili ni kesho asubuhi na kila rafiki yako ameshika nyundo. Saa hizo ndizo mbaya kuliko zote kufanya uamuzi, kwa hiyo maamuzi mengi inafaa yawe yamekwisha kufanywa nyumbani, watu wakiwa wametulia.

Anza na tarehe, maana hazihitaji fundi. Toa mikanda, geuza kiti, chukua helmeti, kisha soma lebo. Mikanda yenye alama ya SFI 16.1, kiwango cha taasisi ya Marekani ya usalama wa mbio, huhesabiwa miaka 2 tangu ilipotengenezwa. Ile ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, huandikwa kabisa mwaka ambao muda wake unakwisha. Watu hulalamika kwamba mkanda bado unang'aa, kwa nini wautupe. Kitambaa cha mkanda huchoshwa na jua, jasho na mikwaruzo ya kiti bila kuonyesha chochote kwa macho, na siku utakapouhitaji hautakupa nafasi ya pili. Kwenye helmeti tafuta herufi SA, kwa mfano SA2015 au SA2020, na usome kanuni za mbio unazoingia zinakubali ya mwaka gani. Helmeti yenye herufi M ni ya pikipiki. Haikupimwa kwa moto, wala kwa kichwa kinachogonga bomba la chuma, nayo mambo hayo mawili ndiyo yanayokusubiri ndani ya gari.

Mkanda mzuri uliofungwa vibaya bado ni mkanda mbaya. Wenye pointi nne tu, usio na kamba za kupita katikati ya mapaja, una kasoro inayojulikana sana: gari likisimama ghafla, kamba za mabega huvuta mkanda wa kiunoni juu, mwili ukateleza chini yake, na kile kilichopaswa kukaa kwenye mifupa ya nyonga kikabana tumbo. Ndiyo maana tunataka pointi sita. Kamba za mabega nazo zitoke nyuma ya kiti zikiwa karibu usawa na mabega, au zishuke kidogo tu. Zikishuka wima mpaka sakafuni, kila zinapovutwa huusukuma uti wa mgongo chini. Hilo nimeliona kwenye magari yenye rangi ya maelfu, kamba zimefungwa sakafuni kwa sababu tu palikuwa na tundu la boliti tayari.

Mikanda ikishakushika vizuri hivyo, kinachobaki huru ni kichwa, na helmeti imekiongezea uzito. Mwaka 1981 dereva Patrick Jacquemart alifariki katika majaribio ya gari huko Mid-Ohio, Marekani. Rafiki yake Jim Downing, naye dereva, akamfuata shemeji yake Robert Hubbard, mhandisi aliyebobea katika namna mwili unavyopokea nguvu, na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa kifaa cha HANS: nira inayokaa mabegani chini ya mikanda na kushikilia helmeti kwa kamba mbili fupi, ili kichwa kisitangulie mwili. Madereva walikikwepa kwa miaka karibu 20, wakisema kinabana na kinazuia kugeuka. Dale Earnhardt, dereva nyota wa mbio za NASCAR za Marekani, alipofariki Daytona Februari 2001 kwa kuvunjika chini ya fuvu, mabishano yakapoa; mwaka huohuo NASCAR ikalazimisha vifaa vya aina hiyo, na Formula 1 ikafuata 2003. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, kati ya tairi mpya na HANS, sioni hata cha kujadili.

Kizimba cha mabomba huokoa gari likibiringika, ila chenyewe ni chuma kilicho karibu na kichwa chako. Dereva aliyefungwa mikanda sawasawa bado hurushwa kando kuliko anavyodhani, kwa hiyo kila bomba ambalo helmeti inaweza kulifikia livikwe sponji ngumu maalumu ya kizimba. Ile laini ya kufungia mabomba ya maji hujibana yote kwa pigo la kwanza. Kwa sababu hiyohiyo gari lenye kizimba kamili halifai kuendeshwa mjini bila helmeti.

Halafu moto. Suti yenye alama ya SFI 3.2A/5 imepimwa kukupa takribani sekunde 10 kabla ngozi haijaungua kwa kiwango cha pili, ya 3.2A/1 inakupa 3 hivi. Romain Grosjean alipopasua kizuizi cha chuma Bahrain, Novemba 2020, alikaa motoni kama sekunde 28, mguu wa kushoto umenaswa, akauchomoa na kukiacha kiatu humo humo. Alipona, mikono ikiwa imeungua. Alikuwa na suti ya kiwango cha juu kabisa, na mwili uliozoezwa kutoka. Suti unaweza kuinunua. Namna ya kutoka lazima uifanyie mazoezi.

Zoezi lenyewe ni hili. Vaa kila kitu, glovu pamoja, funga mikanda kama unavyoifunga siku ya mbio, kisha mtu akufunge kitambaa machoni. Mtu wa pili ashike saa. Mara ya kwanza nilipojaribu, mkono wa kulia ulishuka mpaka tumboni kutafuta kifungo cha mikanda ukakuta kamba imejiviringisha juu yake. Nikaifungua. Nikainuka, shingo ikarudi nyuma kama mbuzi aliyefungwa kigingini: waya wa redio. Nikauchomoa, nikagonga usukani kwa magoti, maana nilisahau kuutoa. Nilipofika nje nikauliza, wakasema sekunde 31. Katika Formula 1 dereva anatakiwa atoke ndani ya 7. Tulihamisha waya, tukakata kamba iliyozidi, tukarudia mpaka ikawa 9, kisha tukarudia upande wa abiria, kwa sababu mlango wako unaweza kuwa ndio ulioegemea ukuta. Nguo za nailoni zivue kabisa. Chini ya suti vaa nguo zisizoshika moto, au walau pamba tupu, maana nailoni huyeyuka na kushikana na ngozi.

Mtungi wa kuzimia moto ulio ndani ya gari uwe na kivuta ambacho dereva anakifikia akiwa amefungwa, na kingine cha nje chenye alama ya herufi E nyekundu ndani ya duara. Swichi ya kukata umeme nayo, pembetatu ya bluu yenye mchoro wa radi nyekundu. Zima swichi hiyo injini ikiwa inanguruma, uone kama injini inakufa kweli. Nyingine zimeunganishwa vibaya, altaneta, inayozalisha umeme wa gari, inaendelea kuilisha injini kama kawaida. Pini ya usalama ya mtungi itolewe kabla ya kuingia njiani. Waliosahau pini hiyo ni wengi kuliko wanaokiri.

Breki na nati nitazipitia haraka, kwani kila mtu huzikumbuka. Mafuta ya breki ya DOT 4 huanza kuchemka kwa nyuzi 230 yakiwa mapya, ila yakishanywa unyevu kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na pedali inazama mwisho wa njia iliyonyooka. Badilisha kabla ya kila mbio. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza wa mazoezi. Kamera, simu, chupa: kitu kisichofungwa kwa boliti kitoke ndani ya gari.

Kisha tembea uwanja mzima kwa miguu. Wengi hutembea wakitafuta mstari wa kasi. Wewe simama mwisho wa kila mnyooko ujiulize: breki zikikataa hapa, naishia wapi? Gari la kilomita 140 kwa saa lina karibu mara mbili ya nguvu ya lile la 100, kwa hiyo kona mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Tazama vibanda vya wenye bendera viko wapi, na uzijue bendera zote, hasa ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, inayokuambia gari lako lina hitilafu na urudi. Dereva anayeishangaa bendera hiyo kwa mizunguko miwili huwa anamwaga oili kwenye njia ya wenzake.

Amua mapema pia mwili utafanya nini. Gari likizunguka: breki na klachi, miguu yote miwili. Ukuta ukiwa hauepukiki: toa mikono kwenye usukani, maana gurudumu likigonga, usukani huzunguka kwa ghafla na kuvunja vidole gumba na vifundo, egemeza kichwa kwenye kiti. Gari likisimama na hakuna moto, kaa ndani umefunga mikanda mpaka wasimamizi wafike. Kutoka ukakimbia kati ya magari yanayopita ni kutafuta ajali ya pili.

Nilisema saa za baada ya ukuta ndizo mbaya. Jumamosi moja gurudumu langu la mbele kushoto liligusa ukuta, mguso wa kubusu tu. Tairodi, fimbo inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye gurudumu, ilipinda. Tukafunga nyingine, tukanyoosha fenda kwa mguu, tukabandika tepu, tukapongezana. Jumapili, mzunguko wa tatu, usukani ukaanza kutetemeka kidogo. Nikajiambia ni uchafu wa tairi. Kona mbili baadaye tairi likaisha upepo na nikaishia kwenye changarawe nikitazama nilikotoka. Rimu ilikuwa na ufa upande wa ndani, mrefu kama kidole, na wala hatukuhitaji utaalamu kuuona. Palitakiwa mtu mmoja tu alale chini na tochi. Sote wanne tulikuwa tunashughulikia fenda.

Kutokana na aibu hiyo nikaandika karatasi, iko ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Inasema kwamba kizimba, mahali kinaposhikana na bodi, au mhimili wa chesisi ukipinda, tunarudi nyumbani. Mikanda iliyobeba pigo zito haitumiki tena, kwa kuwa imeshanyooka na haitanyooka tena vilevile. Helmeti iliyogonga chochote haivaliwi. Kona iliyogongwa inavuliwa yote: rimu, habu, bearingi, boljointi, mikono ya sasipensheni, hosi ya breki. Chuma kilichopinda kinabadilishwa, hakinyooshwi kwa nyundo, hata kikionekana kimerudi. Sehemu zinazotiliwa shaka tunazipulizia dawa nyekundu ya kutafuta nyufa, tunafuta, tunapulizia nyeupe, tunasubiri. Ufa ukiwepo hujichora wenyewe, mstari mwekundu mwembamba kama unywele juu ya unga. Inakera kuusubiri huku dakika zinakwenda, ila hakuna jicho linaloshindana nao.

Mstari wa mwisho wa karatasi unataja nani anasema gari linarudi njiani au halirudi. Si dereva, si mwenye gari. Kwetu ni rafiki mmoja mkaidi asiyependa mbio kiasi hicho, anakuja kwa ajili ya kahawa na maneno.

Karatasi hiyo haifai kitu kama hukupima gari likiwa zima. Chukua futi ya utepe, pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka la nyuma pande zote mbili, kisha mishazari miwili kati ya pointi zisizohama za chesisi, uandike. Siku ya ajali, tofauti ya sentimita moja kwenye mshazari itakuambia kisichoonekana kwa macho. Spea nazo ubebe za pembeni, kushoto na kulia, maana ndizo zinazovunjika: tairodi, mkono wa chini, habu, rimu, hosi, radieta. Bampa iache nyumbani.

Dereva naye ni kitu cha kukaguliwa. Aliyegonga kichwa, anayeuliza swali lilelile mara mbili, mwenye kichefuchefu au anayechukizwa na mwanga, haendeshi tena siku hiyo hata akiapa, aende kwa daktari. Ubongo uliotikiswa ukipata pigo lingine kabla haujapona, madhara huwa makubwa kuliko jumla ya mapigo hayo mawili. Mwambieni mapema, kabla ya msimu, kwamba ufunguo atanyang'anywa, ili siku hiyo isiwe ugomvi mpya.

Soma bima yako. Bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haigusi kinachotokea mbioni, kwa hiyo tenga fedha za gari lililopotea kabisa kabla ya kujiandikisha. Usipoweza kulipoteza, tafuta gari la bei ndogo zaidi.

Na trela. Umelipakia gari asubuhi likijiendesha lenyewe. Jioni linaweza kuwa na magurudumu matatu. Beba winchi, jeki mbili, mbao nene na vibao vyenye magurudumu vya kuweka chini ya kona iliyovunjika, na kulabu ya kuvutia gari ifungwe mbele na nyuma, ipakwe rangi kali, ili wanaokuja kukutoa kwenye changarawe wasiifunge kamba yao kwenye mkono wa sasipensheni uliokuwa bado mzima.