Ukilala nyumba ya kale Amsterdam, ulizia ngazi kwanza

Ukipata chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni kandokando ya mifereji ya Amsterdam, kabla hujalipia uliza: kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Nyingi za nyumba hizo ni za karne ya 17, nyembamba mno, na ngazi zake zimesimama karibu kama za kupandia darini. Kidato ni kifupi hivi kwamba nusu ya unyayo inabaki hewani. Wakati wa kushuka, geuka uso uelekee ngazi, mkono mmoja usiachie kishikio.

Sanduku kubwa litakutesa. Ukiwa nje tazama juu, karibu na paa, utaona boriti yenye kulabu: hapo ndipo wenyeji hupitishia kamba kuvuta samani hadi dirishani, maana ngazini hazipiti. Beba begi la mgongoni tu.

Ukisafiri na mzazi mzee, tafadhali omba chumba cha chini mapema, tena kwa maandishi. Na ulizia kodi ya watalii, 12.5% tangu 2024. Mara nyingine haimo kwenye bei unayoiona mwanzo.