Somo: kulinganisha darubini ya bunduki kabla ya kuingia porini

Wengi wakikosa shabaha huilaumu risasi. Anza na skrubu. Fungua pete za darubini, futa mafuta yote kwenye nyuzi za skrubu na kwenye besi (kipande cha chuma juu ya bunduki kinachoshika pete), kisha kaza kidogo kidogo kwa kupokezana kama unavyokaza nati za gurudumu. Skrubu iliyolegea hata nusu mzunguko itakuhangaisha siku nzima na kukumalizia risasi.

Pangusa mafuta ndani ya mtutu, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda kwake. Nenda kwenye uwanja ulioruhusiwa, saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Kiangazi cha Tabora kikishapamba moto mazigazi huanza kucheza, na shabaha utaiona inaogelea. Nyuma ya shabaha liwepo tuta la udongo laini. Kichuguu kikavu hakifai, ni kigumu na risasi inaweza kuruka.

Laza mbao ya mbele (ile iliyo chini ya mtutu), si mtutu wenyewe, juu ya mfuko wa mchanga mkavu. Mfuko mdogo uwe chini ya kitako.

Anza mita 25. Msalaba unaouona ndani ya darubini ukiwa katikati ya shabaha, risasi itue sentimita 1 hadi 1.5 chini yake, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu kwa takriban sentimita 4. Hapo nenda mita 100.

Piga 3, subiri mtutu upoe hadi uweze kuushika, piga 3 tena. Pima kutoka katikati ya kundi la matundu, usiifukuze risasi moja moja. Kwa darubini ya robo dakika (yaani kila kliki, mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia, husogeza robo ya dakika ya pembe; dakika 60 ni digrii moja), kliki moja mita 100 ni kama milimita 7. Kundi likiwa sentimita 10 chini na 6 kulia: kliki 14 juu, 8 kushoto. Piga 3 za kuhakikisha.

Maswali

*Mkuu, mita 25 nilikuwa chini sentimita 3, nikazungusha kliki 4, haikusogea kitu. Darubini mbovu?*
Hapana ndugu. Mita 25 kliki moja ni milimita 1.8 tu, kwa hiyo umesogea kama milimita 7. Ili kufika sentimita 1.2 chini unahitaji kliki 10 kwa jumla. Ongeza 6.

*Matundu yangu yanapanda juu yakifuatana, kila risasi juu ya mwenzake.*
Mtutu umepata joto, au mbao inaugusa. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao: ikikwama, hapo ndipo penye tatizo.

*Nimebadilisha boksi la risasi, uzito uleule. Nirudie?*
Rudia. Uzito uleule si mwendo uleule. Piga 3 mita 100 kabla ya kuamini.