Namna ya Kuingiza Maktaba ya Chuo Katika Mfumo wa Kidijitali

Chuo kinapopata fedha za kuboresha maktaba, pendekezo la kwanza kikaoni huwa ni kununua kompyuta. Ushauri wangu kwa wakutubi wenzangu wa Moshi ni kwamba fedha hizo zisubiri kwanza, kwa sababu kompyuta haiwezi kumsaidia mwanafunzi kupata kitabu ambacho maktaba yenyewe haijui kama inacho. Anzeni kwa kupitia rafu moja baada ya nyingine mkilinganisha vitabu na rejista, ili vilivyopotea vijulikane na vilivyochakaa viombewe kibali cha kuondolewa.

Kwa orodha ya vitabu yenyewe, tumieni Koha, mfumo huria wa kompyuta wa kuendeshea maktaba ulioanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambao haulipiwi leseni. Kinachogharimu ni kuusimika na kuutunza, kwa hiyo mtaalamu wa TEHAMA wa chuo ashirikishwe tangu mwanzo. Si lazima kuchapa upya taarifa za kila kitabu: ukiingiza namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kitabu, Koha inaweza kunakili rekodi iliyokwisha kuandaliwa na maktaba kubwa kama Library of Congress ya Marekani, ambayo ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kagua namba ya uainishaji katika kila rekodi, hasa kama maktaba yako inatumia Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, kwani isipolingana na ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu, msomaji ataelekezwa kwenye rafu isiyo yenyewe.

Pale ambapo intaneti hukatika mara kwa mara, naona ni heri seva, yaani kompyuta kuu inayobeba mfumo, ikae chuoni, ikiwa na betri ya akiba ya kuiwezesha kuzimwa salama umeme unapokatika. Kwa njia hiyo wanafunzi watatafuta vitabu kwa simu zao kupitia mtandao wa ndani bila kutumia bando. Nakala rudufu itolewe kila siku na kuhifadhiwa katika jengo jingine, na mara kwa mara mjaribu kuirejesha ili kuhakikisha kuwa inafanya kazi.

Kwa majarida ya kitaaluma, chuo kijisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ambao ndani yake mna Hinari kwa masuala ya afya na AGORA kwa kilimo. Usajili hufanywa na taasisi, si na mwanafunzi mmoja mmoja, hivyo nywila isibandikwe ubaoni.

Kazi ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote ni kuhifadhi tafiti za wanafunzi wetu wenyewe. Moshi ni makao ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, na utafiti wa mwanafunzi kuhusu chama cha msingi cha kijijini kwake, bei ya kahawa au mifereji ya asili ya mlimani huenda usipatikane mahali pengine popote duniani. Ukiachwa kabatini uliwe na mchwa, tumepoteza maarifa ambayo hakuna maktaba ya ng'ambo itakayoturudishia. Mfumo wa DSpace, ambao nao ni huria, umeandaliwa kwa kazi hiyo. Kila ripoti ipewe maneno ya kutafutia kwa Kiswahili na Kiingereza, likiwemo jina la kata au kijiji, kwa kuwa mtafiti wa kesho atatafuta kwa jina la mahali.

Kabla ya kuweka ripoti wazi kwa wasomaji, mwandishi atie saini fomu ya ridhaa, kwa maana hakimiliki huwa yake isipokuwa kuna makubaliano mengine. Kagueni pia viambatisho, kwani majina na namba za simu za waliohojiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nazo zifutwe. Anzeni na ripoti za mwaka huu, ambazo tayari zimo katika kompyuta za wanafunzi. Za zamani zipigwe picha kwa skana baadaye, mkitanguliza zile zinazoulizwa zaidi kaunta.