Jinsi ya kuomba kuona sampuli za kutu ya kahawa pale makavazi ya Museum Hill, Nairobi

Kwanza usikimbilie kuandika barua. Ingia GBIF, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za viumbe, ni bure, tafuta Hemileia vastatrix (ndiyo kuvu inayoleta kutu ya majani ya kahawa), chuja ibaki Kenya tu, halafu angalia kila rekodi imehifadhiwa wapi, manake zingine utakuta ziko Kew kule Uingereza na huko unaandikia watu wengine kabisa. Ukiona herufi EA hiyo ni East African Herbarium, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, ile ilianzia Amani Tanzania 1902 ikahamia Nairobi 1950, sasa iko ndani ya makavazi.

Kama ni ya thesis, shughulikia mapema leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayotoa ruhusa za utafiti. Ni mtandaoni, uwe na kitambulisho na barua ya chuo zimeskaniwa vizuri.

Sasa barua, hapa ndipo wengi tunaanguka. Mimi ya kwanza niliandika "naomba kuona sampuli za kutu", nikajibiwa kutu gani, ya ngano, ya maharage ama ya mabati? Nilistahili. Taja jina la kuvu, mmea inaoshambulia, sehemu, miaka, na useme wazi unataka kusoma lebo, kupiga picha ama kukata kipande cha DNA, manake hiyo ya kukata ni ombi lingine na usiguse kabla hujapewa ruhusa kwa maandishi.

Kitu kingine, omba uonyeshwe pia kabati la mibuni yenyewe, si la kuvu peke yake. Kuna watu walichuma tawi kama mmea tu, kutu hata hawakuiona, jani likabandikwa na ugonjwa wake. Tafuta jani lililobandikwa chini ikiwa juu, madoa utayaona huko, ila usitegemee ile rangi ya chungwa ya shambani, ikikaa miaka inapauka.

Ukinakili lebo andika vile ilivyo, ukikuta Fort Hall acha Fort Hall, jina la sasa, Murang'a, liweke kolamu ya pembeni. Beba penseli, kalamu ya wino iache kwa begi. Na bahasha za sampuli fungua moja moja, polepole, juu ya karatasi nyeupe, usipulize, hilo vumbi unaloona ndiyo sampuli.