Mteja ana mvi kichwa kizima, nimwombe kitambulisho? Ninavyofanya mimi dukani kwangu Mtwara

Grosari yangu iko Magomeni, Mtwara mjini, huu mwaka wa kumi na moja. Nauza soda, maji, bia, konyagi na sigara, na upande wa pili wa kaunta kuna unga, sukari na sabuni, maana kwa vinywaji peke yake hapa kwetu utalala njaa, Ramadhani ndiyo usiseme. Kila nikiajiri muuzaji mpya, wiki ya kwanza haipiti hajaniuliza: mama, kitambulisho tunamwomba nani? Kuna mwaka nilijibu vibaya, nikapoteza mteja wa kila siku. Siku hizi namfundisha hivi.

Sheria kwanza, na haichukui muda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe au sigara. Unayemtafuta kwenye kaunta, basi, ni mtoto. Mtu ambaye hata kipofu akisikia kikohozi chake atamwamkia, huyo humtafuti.

Sasa kosa langu. Kulikuwa na uvumi kwamba wakaguzi wanapita madukani, nikaingiwa hofu, nikamwambia binti wa kaunta: omba kitambulisho kwa kila mtu, usimbague yeyote. Niliona nimemrahisishia, hatakuwa na wa kumwonea haya. Siku ya pili akaja mzee mmoja mvuvi, mteja wangu tangu nafungua. Nilikuwa nyuma napanga kreti, nikasikia yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe moja ya baridi."

"Naomba kitambulisho, babu."

Mzee akageuka nyuma kuangalia, akidhani anaambiwa mtu mwingine. Hakuna mtu. Akamrudia binti, akasema polepole: "Mjukuu wangu, mimi treni ya Nachingwea nimeipanda." Binti hakuelewa, yeye ni wa juzi. Mwenyeji wa huku ataelewa: ile ni reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Aliyeipanda hata akiwa mgongoni kwa mama yake, leo si mtu wa kuulizwa kama ametimiza 18. Mzee akarudisha hela yake mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka. Wiki tatu nikawa namwona anavuka barabara kwenda duka la mbele. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Amerudi, lakini mpaka leo akikaribia kaunta anainua kadi ya mpiga kura juu kama refa, na wote waliopo wanacheka isipokuwa mimi.

Kilichomuumiza nilikuja kukielewa baadaye. Ukishampa mtu shikamoo, umeshatamka mbele za watu kwamba amekuzidi. Akiitikia marahaba, shauri limekwisha. Ukigeuka hapohapo ukamtaka athibitishe kwamba si mtoto, ama shikamoo yako ilikuwa ya uongo au unamfanyia dhihaka. Ndiyo maana mzee huyohuyo kule hospitali, kwenye dirisha la wazee, anatoa kitambulisho chake bila kuombwa, tena kwa kujidai. Kule miaka yake 60 na zaidi inampa kitu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachompa muuzaji ni mdomo wake mwenyewe. Mteja akiingia na shikamoo ikakutoka kabla hujafikiri, muuzie. Angalia lakini, kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu siajiri muuzaji aliye chini ya miaka 22. Ukimweka kaunta mtoto wa kidato cha nne atamwamkia hata kaka yake wa mwaka mmoja mbele, na hapo kipimo kimekufa.

Kipimo cha pili ni kwa wale ambao salamu inakwama: unajiuliza ni mambo, ni habari yako, au ni shikamoo. Hao ndio wa kuomba kitambulisho, na usisogeze mstari karibu sana na 18. Uingereza umri wa kununua pombe ni 18 kama kwetu, lakini maduka mengi yana utaratibu wa kumwomba kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25. Nafasi hiyo ya miaka saba ni ya akili sana, maana jicho la mtu hukosea kwa miaka kadhaa, lakini si rahisi likosee kwa saba. Mimi nimeichukua kama ilivyo. Kijana wa miaka 23 ukimwomba hachukii, wengine wanafurahi. Wanachuo wa hapa mjini wameshazoea, wanakitoa kabla ya hela.

Wapo wanaoomba kila mtu. Mzungu mmoja mzee, wa hawa waliokuja na kazi za gesi kule Msimbati, alinitolea pasipoti bila kuulizwa, nikabaki namwangalia. Akanieleza kwao Marekani ameshazoea. Kweli, jimbo la Tennessee mwaka 2007 lilianza kumtaka muuzaji aombe kitambulisho kwa kila anayenunua bia ya kuondoka nayo, awe kijana awe kikongwe. Sababu yao naielewa: muuzaji asipopewa nafasi ya kukisia, hawezi kukisia vibaya, wala hakuna wa kusema mbona mimi na si yule. Ila kule muuzaji na mnunuzi hawaamkiani. Hapa Magomeni ukimtendea babu wa watu hivyo, kesho msibani utakaa na nani?

Tahadhari moja ya huku kwetu: jando si umri. Desemba watoto wanatoka jandoni na nguo mpya na miwani ya jua, wameshaambiwa sasa ni wanaume, na wapo wanaokuja kuyajaribu maneno hayo kwenye kaunta yangu. "Mama, mimi nimeshatoka ndani." Hongera mwanangu, soda hizi hapa. Usimcheke, wala usibishane naye kama amekuwa mwanaume au hajawa. Wewe unauliza mwaka wa kuzaliwa tu.

Kitambulisho kikitolewa, kisome kweli. Wauzaji wengi wanakiangalia kama picha ya ukutani. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ndizo tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ikianza na 20070914, mtu huyo amezaliwa tarehe 14 Septemba 2007, na miaka 18 ameitimiza tarehe 14 Septemba 2025, siku moja kabla bado. Anayekuonyesha namba kwenye meseji ya simu hajakuonyesha kitu, meseji haina sura, inaweza kuwa ya kaka yake. Kadi ya mpiga kura nayo usiridhike kuiona tu, kwa sababu wanaandikishwa hata watakaotimiza 18 siku ya uchaguzi. Tafuta tarehe. Na ili muuzaji asipige hesabu mteja akimwangalia, kila asubuhi naandika kwa chaki upande wa ndani wa kaunta. Leo ikiwa 5 Novemba 2025, naandika "5 Novemba 2007 kurudi nyuma", basi.

Halafu sauti. Mji wetu ni mdogo na una waswalihina. Wapo watu wazima wanaokuja magharibi, wanafungiwa chupa kwenye gazeti, wanapita njia ya nyuma. Si kazi yangu kuwahukumu. Ukimsoma jina lake lote kwa sauti, umemwanika. Kishike kitambulisho chini ya usawa wa kaunta, soma kwa macho, mrudishie kwa mkono wa kulia, sema asante.

Nimezungumza sana juu ya wazee, lakini umri wa mzee wala haujawahi kuwa tatizo dukani kwangu. Tatizo ni mtoto aliyetumwa na mzee. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, hela ikizunguka, sipitishi jioni bila mtoto wa miaka tisa kuja na noti mkononi: "Babu kasema nipe bia mbili na sigara." Hasemi uongo, babu kweli kamtuma. Babu yake alivyotumwa yeye alikuwa na miaka saba. Hapa hakuna kitambulisho cha kuomba, mtoto anaonekana ni mtoto, na muuzaji mpya ndipo anapolegea, kwa sababu anamjua babu na anaogopa kumkosea. Nimeona muuzaji aliyemkatalia kijana wa miaka 20 asiye na kadi, dakika tano baadaye anamfungia mtoto wa darasa la tatu sigara kwenye karatasi ya daftari.

Maneno ninayowafundisha ni haya, na wayaseme hivihivi: "Mwambie babu, shangazi wa dukani anamsalimu sana, zinakuja." Usimwambie mtoto "hairuhusiwi", atafika nyumbani na neno moja tu, "wamekataa", na hapo umeshagombana na ukoo. Kama kaja na chupa tupu, zipokee, ziandike kwenye daftari kwa jina la babu, mtoto arudi mikono mitupu na hela yake. Zilizojaa hazitoki na mtoto.

Na ukisema zinakuja, zije. Nina wazee sita ambao miguu imechoka. Wenye simu wananitumia hela na kijana wangu anawapelekea kwa baiskeli saa kumi na moja, kabla giza halijaingia. Wawili hawana simu, hao anawapitia kila siku kuwauliza. Mmoja wao bado anamtuma mjukuu, ila sasa mjukuu anakuja na kikaratasi: "Leo sitaki, mwambie asije."