SOMO: Kupima dalili za sonona kwa wanachuo kwa PHQ-9, tangu mada hadi jedwali la matokeo

Somo hili ni la mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili ambaye ameshaamua kutumia dodoso la PHQ-9. Dodoso hili la kuchuja dalili za sonona (depression) lilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla huanzia 0 hadi 27. Ni la bure, na zipo tafsiri za Kiswahili zilizokwisha kujaribiwa Kenya na Tanzania. Kwa kuwa ni fupi na rahisi kujaza, wengi huligeuza hukumu ya daktari. PHQ-9 huchuja tu. Anayesema huyu ana sonona ni mtaalamu aliyekaa naye na kumhoji.

Hatua ya 1: Bana mada

"Athari za mitandao ya kijamii kwenye afya ya akili ya vijana" haifanyiki kwa bajeti ya mwanafunzi. Ukikusanya majibu mara moja tu, huwezi kujua kama simu ndiyo iliyoleta huzuni au huzuni ndiyo iliyompeleka mtu kwenye simu. Andika "uhusiano kati ya saa za kutumia simu usiku na dalili za sonona kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza", kisha taja chuo na muhula. Futa neno "athari" kwenye kichwa na kwenye malengo pia. Wengi husahau huko kwenye malengo, na mtahini huanzia hapohapo.

Hatua ya 2: Idadi ya washiriki

Kwa kundi linalojulikana idadi, kanuni ya Yamane inatosha: n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya kundi zima na e ni kosa unaloruhusu. Wakiwa wanafunzi 1,200 na kosa la 0.05, unapata 1,200 / 4 = 300. Usiishie hapo, kwa sababu wapo watakaokataa na watakaoacha nusu. Ukikadiria asilimia 10, gawa 300 kwa 0.9, upate 334.

Pata orodha ya majina kutoka ofisi ya udahili, iweke kwenye jedwali la kompyuta, ongeza safu ya namba za bahati nasibu, panga kwa safu hiyo, chukua 334 wa juu. Ukisimama mlangoni mwa maktaba ukagawia wanaopita, umepima wanaokwenda maktaba. Aliyelala bwenini siku ya tatu bila kuhudhuria vipindi, ambaye ndiye hasa unayemtafuta, hayumo.

Hatua ya 3: Tafsiri na majaribio

Tumia tafsiri iliyokwisha kujaribiwa, na uitaje kwenye sura ya mbinu. Usiitengeneze upya kwa sababu tu msimamizi hapendi neno moja. Lakini kabla ya kuchapa, kaa na wanafunzi watano hadi kumi, mmojammoja, wakusomee kila swali na kukueleza wameelewa nini. Swali la kujisogeza au kuongea polepole, au kuhangaika kuliko kawaida, ndilo linalowachanganya watu, kwa kuwa lina mambo mawili yanayopingana ndani yake. Angalia pia kama jibu la "zaidi ya nusu ya siku hizo" linaeleweka kuwa ni siku nane au zaidi kati ya 14.

Kisha jaribu kwa watu wapatao 30 ambao hawatakuwa kwenye sampuli.

Hatua ya 4: Maadili, na swali la tisa

Kibali huanza kwenye kamati ya maadili ya chuo chako. Tanzania, utafiti wa afya unaweza kukupeleka hadi NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Uliza mapema, maana barua hizi hukaa mezani. Fomu ya ridhaa iwe karatasi ya peke yake, isibanwe pamoja na dodoso, vinginevyo jina na majibu vinasafiri pamoja. Dodoso libebe namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina, utakayoihitaji kumtafuta mshiriki kwa ajili ya swali la tisa, ikae kwenye faili lenye nywila.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kuona ni heri kufa au kujidhuru. Siku ya kukusanya yupo atakayeweka 1, 2 au 3. Mpango uandikwe kabla:

- Kila dodoso likaguliwe swali la tisa siku hiyohiyo, si baada ya mwezi wakati wa kuingiza data.
- Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba jibu la aina hii litafanya mtafiti amtafute mshiriki. Usiahidi usiri usio na mipaka halafu ukauvunja.
- Mshauri nasaha wa chuo awe amekubali kwa maandishi kuwapokea, na namba yake iwe imepigwa na kupokelewa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa iwe ngazi ya pili.
- Mtu akisema ana mpango na njia ya kujidhuru, haachwi peke yake. Anasindikizwa.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo wengine huogopa kujibu. Waeleze kwamba kuwa na mawazo si kosa, na kwamba karatasi haiendi polisi. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakinzana na Katiba.

Hatua ya 5: Siku ya kukusanya

Dakika kumi zinatosha. Nafasi kiti kimoja kati ya mtu na mtu, bahasha kwa kila mmoja, na anayegawa asiwe mwalimu anayesahihisha mitihani yao. Epuka wiki mbili kabla ya mitihani na wiki ya mitihani yenyewe, isipokuwa mitihani ndiyo mada yako.

Hatua ya 6: Kuingiza data

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Programu nyingi huwapa majibu namba 1 hadi 4. Usipozirudisha kuwa 0 hadi 3, kila mtu ameongezewa alama 9: asiye na dalili hata moja anapata 9, na aliyeweka "siku kadhaa" (alama 1) mara moja tu anafika 10, kizingiti utakachokiona Hatua ya 7, na kuhesabiwa. Ukiona asilimia 80 ya darasa "lina sonona", kagua hilo kwanza kabla ya kuililia nchi.

Swali likiachwa moja au mawili, jaza kwa wastani wa yaliyojibiwa: aliyejibu nane akapata 12 ana wastani 1.5, jumla 13.5, andika 14. Yakiachwa matatu au zaidi, dodoso hilo halipewi jumla. Swali la ziada la mwishoni, kuhusu ugumu wa kufanya kazi na kuishi na watu, halijumlishwi kamwe.

Hatua ya 7: Kusoma matokeo

Mipaka ni 5, 10, 15 na 20: dalili ndogo, za kati, za kati kuelekea kali, na kali. Katika utafiti wa mwaka 2001, alama 10 na kuendelea iliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kuu na kuwaacha nje asilimia 88 ya wasio nayo. Fanya hesabu kwa watu 300 ambao kweli 30 wanayo: unanasa takriban 26, na kati ya 270 wazima unanasa 32. Jumla 58, sawa na asilimia 19, na zaidi ya nusu yao hawana ugonjwa. Kwa hiyo andika "asilimia 19 walifikia alama 10 au zaidi". Usiandike "asilimia 19 wana sonona".

Alama hizi hulundikana chini, kwa hiyo kwa uhusiano tumia kipimo cha Spearman, kinachotumia mpangilio wa alama, badala ya cha Pearson. Kwa urejeshi wa lojistiki (uchambuzi wa vigezo vinavyoendana na kufikia au kutofikia kizingiti), watu 58 waliofikia kizingiti wanabeba vigezo vitano hivi. Si kumi na tano.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka nipime sonona, wasiwasi na msongo kwa pamoja. Dodoso limefika maswali 74.

Jibu: Marahaba. Ukurasa wa tatu watu wataanza kuweka alama kwenye mstari mmoja wima. Mpendekezee PHQ-9 na GAD-7 ya wasiwasi: maswali 16, mizani ileile ya 0 hadi 3. Msongo uache, au uwe utafiti wa mwenzako.

Swali: Naweza kutuma kiungo kwenye makundi ya WhatsApp?

Jibu: Unaweza, ila hutajua wangapi waliona na wakapita, wala hutaweza kumfikia aliyeweka 1, 2 au 3 kwenye swali la tisa. Tumia PHQ-8, ambayo imeondoa swali hilo. Kizingiti kinabaki 10. Weka namba za msaada kwa kila anayemaliza.

Swali: Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana) imetoka 0.41. Nifute maswali gani?

Jibu: Usifute lolote, dada. PHQ-9 haina swali la kugeuzwa alama (lenye mizani ya kinyume), na kwa kawaida alfa yake hupita 0.7. Ikishuka hivyo, shuku uingizaji: safu iliyoruka, namba 33 badala ya 3, au 99 za "hakujibu" zilizohesabiwa kama alama. Chukua madodoso 20 ya karatasi uyalinganishe na jedwali.

Swali: Ratiba yangu inaangukia Ramadhani. Nisogeze?

Jibu: Sogeza kama unaweza. Usingizi, hamu ya kula na uchovu ni maswali matatu kati ya tisa, na daku na futari vinayagusa yote. Ikishindikana, uliza kama mshiriki anafunga na uchambue makundi hayo mbalimbali.

Swali: Nimechagua wanafunzi 20 wenye alama za juu, nikawapa mafunzo ya wiki sita, alama zimeshuka. Naweza kusema mafunzo yamefanya kazi?

Jibu: Bado. Ukichagua watu wakiwa juu kabisa, wengi hushuka wenyewe ukiwapima tena, hata bila mafunzo. Ungewagawa kwa bahati nasibu: kumi waanze sasa, kumi wasubiri wiki sita wakipimwa siku zilezile, kisha nao wapewe. Wa alama 20 na kuendelea, au walioweka 1, 2 au 3 kwenye swali la tisa, hawasubirishwi. Hao wanapelekwa kwa mtaalamu moja kwa moja na hawaingii kwenye jaribio.